Herufi Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumatatu kesi ya Mzee Bonifasi ingetajwa tena mahakamani, na safari hii hakimu alitaka jalada liwe limekamilika. Alhamisi asubuhi Mwanne alikuwa bado hajui kama amemfunga mtu aliyestahili.

Kwa mpelelezi mwingine hilo lisingekuwa tatizo. Jalada lilikuwa limenona. Wema, mtoto wa miaka tisa, binti ya Gasper wa Kalinzi, aling'atwa mguu na mbwa wa Bonifasi tarehe tisa Machi. Wanakijiji wakampiga mbwa wakamuua, kichwa kikapelekwa maabara, kikakutwa na kichaa cha mbwa. Tarehe kumi na nne Aprili Wema akafa kwa kichaa hicho hicho, tena kifo ambacho hata adui yako humwombei. Siku mbili baadaye baba yake akaja kituoni kuandikisha maelezo. Bonifasi naye akakiri kwa mdomo wake kwamba mbwa hakuchanjwa. Kuua bila kukusudia. Sasa hapo upelelezi wa nini tena? Mkuu wa upelelezi alimuuliza Mwanne swali hilo mara mbili, na mara ya pili hakujisumbua hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Kilichomkera Mwanne ni sindano. Siku ile ile ya kung'atwa, Bonifasi mwenyewe alimbeba mtoto kwa pikipiki kutoka Kalinzi mpaka hospitali mjini, wazazi wakifuata na pikipiki nyingine. Chanjo ya kwanza ilidungwa kabla saa tatu hazijapita. Serum, dawa ya kinga ya papo hapo, ikachomwa yote kuzunguka jeraha la mguu. Bonifasi akarudi naye siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, na kadi ilikuwa na mihuri yote. Mtoto aliyetibiwa hivyo hafi. Huyu alikufa, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walikuwa wameshapata wa kumlaumu, na mtu akishapata wa kumlaumu huacha kuhesabu.

Ndiyo maana aliomba virusi visomwe, cha mbwa na cha mtoto. Alhamisi hiyo majibu yalikuwa tayari.

Maabara ya mradi wa utafiti wa kichaa cha mbwa ilikuwa vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Rusimbi, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Mtafiti wake, Daktari Feliksi, alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe juu na ndala chini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nionyeshe, kisha nieleze kama unamweleza hakimu. Hakimu aliyelala vibaya."

Mezani palikuwa na kompyuta, na kando yake kidude kisichozidi rimoti ya televisheni.

"Kidude hiki ndicho kinachosoma," Feliksi alisema. "Kirusi cha kichaa cha mbwa hakibebi DNA kama mimi na wewe. Kinabeba RNA, uzi mmoja mwembamba. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu: A, U, G na C. Sisi tunaziita nyukleotidi. Zimepangana kwa mfuatano, karibu elfu kumi na mbili, na zinasomwa moja baada ya nyingine toka mwanzo hadi mwisho."

"Zikishasomwa?"

"Tunajua kirusi kimetoka kwa nani. Kirusi kinazaliana kwa kujinakili, na ni mwandishi mzembe. Kila baada ya muda anakosea herufi moja hapa, nyingine kule. Kosa likishaingia, watoto na wajukuu wote wanalirithi."

Mwanne aliguna. "Madaftari ya kasida."

"Samahani?"

"Ujiji, chuoni kwetu, wasichana tulinakili kasida za maulidi kwa mkono. Mmoja akiruka mstari, wote walionakili kwake wanaruka mstari huo huo. Mwalimu alitazama daftari lako tu, akakwambia umenakili kwa nani. Bakora mnakula wote."

"Basi afande umeshamaliza shahada yangu." Feliksi alifungua ukurasa kwenye kompyuta. "Mstari wa juu ni mbwa wa Mzee Bonifasi. Wa chini ni Wema. Kila herufi isiyolingana nimeipaka nyekundu."

Mwanne aliinama. Feliksi alishusha ukurasa, na wekundu haukukatika. Alishusha tena na tena, na kila pahali palikuwa na alama.

"Ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Kama mbwa huyu ndiye aliyempa, zingekuwa ngapi?"

"Hakuna hata moja. Moja, labda. Ukinibana sana nitakupa mbili."

"Sema neno nitakaloandika."

"Kirusi kilichomuua mtoto hakikutoka kwa mbwa wa Bonifasi. Mbwa alikuwa na kichaa, hilo ni kweli, ila kirusi chake ni cha ukoo mwingine kabisa, ukoo tunaoupata kwa mbwa wa upande wa Kasulu. Cha mtoto si cha huko." Alileta mstari wa tatu chini ya ule wa Wema. "Desemba tulichukua sampuli za mbwa watatu waliokufa Kagunga, kile kijiji cha wavuvi. Huyu ni wa tatu. Hesabu mwenyewe."

Safari hii ukurasa ulishuka mweupe, mweupe, mweupe, karibu mpaka mwisho. Herufi nyekundu ilikuwa moja.

"Mtoto hajawahi kufika Kagunga," Mwanne alisema. "Imeandikwa kwenye maelezo ya baba. Mtoto hajatoka Kalinzi isipokuwa kuja hospitali."

"Basi Kagunga ilimfuata huko huko milimani."

Mwanne alikaa kwenye stuli. Bonifasi alikuwa na wiki sita mahabusu, na aliyemtia ndani ni yeye.

"Chupa za sampuli zinaweza kuwa zimebadilishwa?"

"Ya mtoto niliichukua mimi mwenyewe hospitalini. Kichwa cha mbwa aliniletea Erasto, afisa mifugo. Ila mimi hupiga picha kila kichwa kinapopokelewa."

"Nitumie hiyo picha."

Erasto alikuwa mjini siku hiyo kwa semina, na Mwanne alimkuta kwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli akila wali kwa migebuka, samaki wa ziwani. Alimfikiria vibaya njia nzima. Ikiwa mtu alikuwa na sababu ya kuleta kichwa cha mbwa mwingine, ni yule aliyetakiwa kuwachanja mbwa wa kata nzima na sasa mtoto amekufa. Alikaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Kichwa cha mbwa wa Bonifasi alikikata nani?"

"Mimi, afande. Mbele ya kijiji kizima."

"Ukakibeba kwenye nini?"

"Ndoo yenye mfuniko, ndani ya ndoo kubwa yenye barafu ya wauza samaki. Sikukifungua mpaka Rusimbi." Alimwona Mwanne hajaridhika, akanawa mkono wa kulia, akatoa simu. "Hii hapa video. Vijana walirekodi. Mbwa anaonekana hata kabla hawajamuua."

Mwanne aliitazama bila kupenda. Mbwa wa rangi ya udongo, sikio la kushoto limechanika mpaka katikati. Akafungua picha ya Feliksi. Sikio lilikuwa lile lile, na mchaniko ule ule. Kichwa hakikubadilishwa, na njia hiyo ikawa imefungwa.

"Siku ya chanjo ulifika kwa Bonifasi?"

"Nilifika. Alimficha mbwa kwenye mibuni. Nilimsikia akibweka."

"Ukaandika nini?"

Erasto alitazama sahani. "Hakuna mbwa."

"Umemsikia akibweka, ukaandika hakuna mbwa."

"Siku hiyo nilikuwa na nyumba sitini, afande."

Mwanne aliinuka. Migebuka ilikuwa imekaangwa vizuri, na hata hilo lilimuudhi.

Mahabusu, Bonifasi aliletwa akiwa amevaa sweta la baridi ya Kalinzi katika joto la ziwani, kwa sababu ndilo alilokamatwa nalo na hakuna aliyemletea nguo nyingine. Mkewe alikuwa amekimbilia kwa kaka yake baada ya mibuni yao kukatwa. Mwanne alimwamkia, maana mzee ni mzee hata akiwa nyuma ya nondo.

"Marahaba, mwanangu. Kahawa zangu zimechipua?"

"Sijafika huko, mzee. Niambie kwa nini ulimficha mbwa."

"Mbwa akichomwa sindano anapoa. Anamwona mwizi wa kahawa, anamtikisia mkia. Mimi nilitaka anayebweka." Alisema bila kujitetea. "Hilo ni kosa langu, sikatai. Niandikwe."

"Siku ile mtoto aling'atwa vipi?"

"Alikuwa amevaa mabuti ya baba yake ya mvua. Jino lilipita kwenye mpira, likafika kidogo, hapa nyuma ya mguu. Hata damu ilikuwa ya kutafuta."

"Alikuwa na jeraha lingine lolote mwilini?"

Bonifasi alifikiri. "Mguuni hapana. Mdomoni ndiyo. Mdomo wa juu alikuwa na kakovu, bado kekundu. Njiani nilimuuliza, umepigwa? Akacheka. Akasema hiyo ni siri yake na baba."

Kalamu ya Mwanne ilisimama. "Mzee, mbona hili halimo kwenye maelezo yako?"

"Mliniuliza habari za mbwa. Za mdomo hamkuniuliza."

Jibu lilimpata Mwanne pale pale. Maelezo yale aliyachukua yeye, kwa haraka, siku ambayo nje ya kituo kulikuwa na watu wa Kalinzi waliotaka wapewe Bonifasi wamalizane naye wenyewe. Alifunga daftari, akaenda hospitali kwa miguu, jua la saa nane likimchoma utosini.

Nesi Ummy, aliyempokea Wema mwezi Machi, alikumbuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na faili la Wema alilitoa bila kutafuta.

"Mtu anapoletwa na jeraha la mbwa, huwa namuuliza kila mmoja: kuna mnyama mwingine aliyemuuma, kumkwaruza au kumlamba siku za karibuni? Nilimuuliza na baba wa mtoto huyu. Soma hapa."

Mwanne alisoma. *Mnyama mwingine: hakuna. Kovu dogo mdomo wa juu: alianguka kisimani, kwa maelezo ya baba.*

"Mama alikuwepo?"

"Alisimama pale pale, kashika begi la mtoto."

"Na mtoto alisema nini?"

"Alimtazama baba yake. Sikulitilia maanani." Ummy aligeuza kurasa mpaka Aprili. "Aliporudishwa, ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Kichaa huwasha pale kirusi kilipoingilia. Kama ni mguu, mgonjwa hujikuna mguu. Huyu mguu hakuugusa. Alijikuna mdomo mpaka ukatoka damu."

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika, afande. Kila kitu niliandika. Nakala ya faili ilikuja kwenu."

Ilikuja. Ilikuwa kwenye jalada, ukurasa wa thelathini na moja, chini ya picha za mbwa. Mwanne hakuwa ameusoma.

"Nieleze jambo moja," alisema. "Kama siku ile ya Machi mngejua habari za mdomo?"

"Serum huzuia kirusi pale pale inapochomwa, nasi tuliichoma yote mguuni. Na mdomo ndio ulio karibu na ubongo." Ummy alifunga faili kwa viganja vyote viwili. "Tungeichoma mdomoni."

Ijumaa asubuhi Mwanne alipanda Kalinzi kwa pikipiki ya kituo. Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kufungia vifungo vyote, na watu walikuwa wameanza kuchuma kahawa. Alipita shamba la Bonifasi. Miti arobaini na miwili ilikuwa imekatwa kwa panga, usawa wa goti, na matawi yaliyokatwa yameachwa hapo hapo yakauke na matunda yake mabichi. Kazi hiyo aliifanya mama wa marehemu kwa mkono wake, mchana kweupe, na kijiji kikasimama kutazama.

Gasper alikuwa uani kwake akishona gunia la dagaa. Mwanamume wa miaka arobaini kasoro, mwembamba, mwenye miguu ya mtu wa milima: kila Jumatatu na Alhamisi aliteremka Kagunga kwa njia ya miguu, akanunua dagaa kwa wavuvi, akarudi nao kichwani. Mkewe, Diana, alikuwa kando akichambua kahawa kwenye mkeka. Wote wawili walisimama, wakapiga makofi taratibu kama ilivyo ada ya Waha.

"Mwakeye," Gasper alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Poleni na kazi. Baba Wema, nina maneno na wewe. Tusogee pembeni."

"Semea hapa hapa, afande. Mimi sina siri na mke wangu."

Mwanne alimtazama kitambo. Alikuwa amempa nafasi ya kusema faraghani, naye ameikataa. Haya.

Alikaa kwenye kigoda, akakunjua karatasi aliyochapiwa na Feliksi, mistari mitatu ya herufi. Akawaeleza polepole, kama alivyoelezwa yeye: kwamba kirusi kina maandishi yake, kwamba kinanakiliwa kwa makosa, na makosa yake hayafichiki. Kwamba cha mbwa wa Bonifasi na cha Wema vimepishana herufi mia mbili na kumi na nne.

"Maana yake?" Diana aliuliza.

"Maana yake mbwa wa Bonifasi alimuuma mtoto, lakini hakumuua. Sindano zile zilitosha kukinga kichaa cha mbwa huyo. Aliyemuua ametoka Kagunga. Na cha Kagunga kimepishana na cha mtoto herufi moja."

"Mwanangu hajafika Kagunga."

"Najua. Ndiyo namuuliza baba yake. Nani alitoka Kagunga akaingia nyumba hii?"

"Mimi," Gasper alisema. Sindano ya kushonea gunia ilikuwa bado mkononi. "Mimi na dagaa."

"Dagaa hawamng'ati mtu mdomo."

Diana aliacha kuchambua.

"Mdomo gani?" aliuliza. "Si alianguka kisimani?"

"Baba Wema," Mwanne alisema, "mtoto alimwambia Bonifasi kovu lile ni siri yake na wewe. Nesi ameandika ulichomjibu. Mambo yote ninayo hapa. Nimekuja tu uniambie jina la huyo mnyama."

Gasper alichomeka sindano kwenye gunia. Aliketi chini, si kwenye kigoda, chini kabisa.

"Hakakuwa na jina," alisema. "Wema alikuwa bado anatafuta jina. Kalikuwa kadogo, afande. Kalikuwa kanaenea kwenye kofia."

"Endelea."

"Alikuwa wa pili darasani. Akaniomba mbwa. Mama yake alikuwa ameshakataa, kwa sababu wa mwanzo alimaliza vifaranga. Mvuvi mmoja akanipa kamoja, nikakaweka kule bondeni, kwenye kibanda cha magunia. Wema alikuwa akikapelekea uji akitoka shule. Siku moja alikuwa anakabusu, kakamuuma mdomo. Kidogo tu. Baada ya siku mbili kakafa."

"Kalikufaje?"

"Kalitetemeka. Kalitoka mate. Nilidhani ni minyoo." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na nguvu. "Kalikuwa hakajang'oa meno ya kwanza. Huku kwetu kila mtu anajua, mbwa ambaye hajang'oa meno ya utoto hashikwi na kichaa. Muulize yeyote."

"Nani aliwaambia?"

"Ndivyo tunavyojua."

Kujua gani huko, Mwanne aliwaza, kunakojaza makaburi. Lakini hakusema. Kwa ujinga mtu hafungwi, na kama angefungwa, gereza lingeanzia ofisini kwao.

"Haya. Hukujua. Nesi alipokuuliza kuhusu mnyama mwingine, kwa nini ulisema hakuna?"

Gasper alimtazama mkewe, kisha mkeka. "Alikuwa amesimama pale."

"Nani?"

"Mama Wema. Nilikuwa nimemwambia sitaleta tena mbwa. Nikaona, mtoto si anachomwa sindano? Sindano ni sindano. Ya nini tena kugombana hospitalini mbele za watu?"

"Na kwamba ni kichaa cha mbwa wako, ulijua lini?"

Gasper aliokota uzi wa gunia, akauzungusha kidoleni.

"Baba Wema, ulijua lini?"

"Alipoanza kujikuna mdomo."

"Siku nne kabla hajafa. Na tarehe kumi na sita ukaja kituoni, kaburi la mtoto bado bichi, ukaandikisha kwamba aliyemuua mwanao ni mbwa wa Bonifasi, wala hapakuwa na mnyama mwingine."

"Watu walikuwa wameshasema ni Bonifasi. Mimi niliacha tu waseme."

"Hukuacha waseme. Ulisema wewe. Sahihi hii ni ya nani?"

Gasper aliitazama sahihi yake kama kitu cha mtu mwingine. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mwanne hakumwonea huruma, au alimwonea kidogo na akajikasirikia kwa hicho kidogo. Mzee alikuwa amelala chini wiki sita kwa ajili ya sahihi hiyo.

Diana alikuwa amekaa vile vile, mikono ndani ya kahawa. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Afande. Hiyo dawa ya siku ya kwanza, aliyochomwa mguuni."

"Serum."

"Ingechomwa mdomoni, mwanangu angekuwepo leo?"

Kuna maswali ambayo askari hufundishwa kuyakwepa. Yaulize kwa daktari, mama. Mimi si mtaalamu, mama. Mwanne alikuwa nayo majibu hayo ulimini, na alijua kwamba mwanamke huyu ameshaishi na uongo wa kutosha.

"Hakuna mwenye hakika. Lakini nafasi ilikuwepo, mama. Nafasi kubwa."

Diana alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mahali.

"Mzee wa watu nimemkatia miti arobaini na miwili," alisema. "Mzee aliyembeba mwanangu mpaka hospitali. Mke wake alinipigia magoti, nikamruka. Na siku ile panga langu lilikuwa butu." Alimgeukia mumewe. "Wewe ndiye uliyeninolea."

Gasper alifunika uso.

Mwanne alisimama. Alimwambia Diana kwamba Bonifasi atatoka Jumatatu, kwamba majibu ya maabara ameshayapeleka kwa mwendesha mashtaka, na kwamba mzee atajibu kosa dogo la kumficha mbwa asichanjwe, basi. Kisha akamgeukia Gasper, akayasema maneno anayotakiwa kuyasema: kutoa taarifa za uongo kwa polisi ni kosa la jinai, ana haki ya kunyamaza, atafuatana naye mpaka kituoni. Alitoa pingu.

Gasper aliinuka haraka, akanyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa. Usoni alikuwa na kitu kilichofanana na nafuu.

"Usimchukue," Diana alisema.

"Mama Wema, ni sheria."

"Sheria yako nimeisikia. Si wapo wanaoambiwa wajidhamini, waje wenyewe siku ya kesi? Huyu hana pa kukimbilia. Mwache hapa."

"Ili iweje?"

Diana aliurudisha mkono kwenye kahawa, akatoa punje iliyooza, akaitupa.

"Huko kwenu atapata watu wa kuzungumza nao," alisema. "Hapa hatampata hata mmoja."

Gasper alimgeukia Mwanne, mikono ingali mbele. "Afande, nichukue. Nimekosa, nimekiri, twende. Nakuomba twende leo leo."

Mwanne alirudisha pingu kiunoni. Alitoa fomu ya kujidhamini kwenye begi, akaiweka juu ya gunia la dagaa, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

"Jumatatu," alimwambia. "Saa mbili asubuhi."